Namba ya mwisho ya Karatasi

Jumanne moja ya mwezi wa tano 2023, saa nne asubuhi, kijana wetu wa tairi alibanwa kidole na pete ya ringi. Damu ilikuwa nyingi kuliko jeraha, lakini hilo tulilijua baadaye. Mwenzake alifanya kama alivyofundishwa: alikimbia hadi ukutani, pale kando ya mlango wa depo yangu, akasoma namba ya zahanati, akapiga. Akapokea mama mmoja.

"Kilo ngapi, papa?"

"Kilo gani? Mama, mutume ambilansi, muntu anaumia!"

"Ambilansi? Miye niko nauzisha samaki ku Likasi."

Tulimpakia kijana kwenye pikapu, dereva akapiga honi njia nzima. Kidole kilipona, ila ukucha ulirudi umepinda. Jioni, watu walipokwisha kuondoka, nilikwenda kusimama mbele ya ule ukuta. Namba ile niliiandika mimi. Ilikuwa chini kabisa ya Karatasi, gazeti letu dogo la kazini, toleo la 94, Desemba 2021, baada ya heri za Noeli. Zahanati tuliibadilisha 2022, na kampuni za simu zikiona namba imelala muda mrefu humpa mtu mwingine. Karatasi nayo ilikuwa imelala, miezi kumi na saba sasa. Tofauti ni kwamba yenyewe iliachwa imening'inia, na kijana mwenye damu mikononi aliiamini.

Kwa msionijua: mimi ni mtunza depo katika garaji ya malori makubwa hapa Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasumbalesa. Malori yanayoshusha shaba na kobalti kwenda kusini, yakarudi na salfa, chokaa na mavumbi. Vijana wananiita Papa Depo. Kazi yangu ni kujua kila filta iko rafu gani, imeingia lini, na nani aliichukua akasema atasaini kesho.

Karatasi ilizaliwa Desemba 2008, na aliyeizaa ni woga. Wale wa umri wangu mnakumbuka. Katikati ya mwaka ule tani moja ya shaba ilikuwa imepita dola 8,000. Kufika mwisho wa Desemba ilikuwa chini ya 3,000. Viyeyushio vidogo vingi hapa, Likasi na Kolwezi vilifunga milango, na watu wakabaki wamekaa getini na helmeti zao kichwani. Kwetu malori yalianza kulala uani. Redio trotwari, yaani uvumi wa mitaani, ikaamka: asubuhi ilisema watafukuzwa watu thelathini, saa sita wakawa hamsini, na saa tisa fundi mmoja wa umeme akaniaga kabisa kwa kunishika mkono.

Mukubwa wa garaji akaniita. Nilikuwa na kompyuta ya stoki, na hati yangu ya mkono inasomeka. Akaniambia: andika ukweli, bandika pale watu wanapopita. Ukweli ulikuwa mfupi: zamu ya usiku inasimama miezi mitatu, hafukuzwi mtu, mshahara wa Desemba utatoka kabla ya Noeli. Ukurasa mmoja, herufi kubwa. Haukuwa na jina. Mwezi uliofuata watu walipita dirishani kwangu wakiuliza, "Karatasi ya mwezi huu inatoka lini?" Jina likawa hilo.

Katika mji huu wazo lenyewe ni la zamani. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, ilianza kutoa gazeti lake la kazini, Mwana Shaba, mwaka 1957, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, ikaliendeleza. Baba yangu alilileta nyumbani chini ya kwapa kama mtu aliyebeba mkate. Sisi watoto tulitazama picha kwanza: watu waliopewa medali za miaka 25 ya kazi, wachezaji, harusi. Mama alitafuta sura za anaowajua. Baada ya hapo gazeti lilifunika madaftari yetu ya shule, na baada ya madaftari likafunga karanga. Nilipoanza Karatasi nilikuwa na picha hiyo kichwani: karatasi ya kazi inayofika mpaka mezani kwa mama wa nyumba.

Ilifika, kwa kipindi. Kuanzia 2009 hadi 2014 ilitoka kila mwezi bila kukosa, kurasa nne, karatasi kubwa moja iliyokunjwa katikati. Nakala arobaini, na moja zaidi ya ukutani. Nilizichapa usiku umeme ukirudi, maana mchana mashine ya fotokopi ilikuwa ya wahasibu, na umeme wenyewe mnaujua. Ndani mlikuwa na waliozaliwa, waliofariki, walioajiriwa pamoja na picha zao, malori yaliyoongoza kwa kuharibika (madereva walichukia sana ukurasa huo), na pembe ya fundi wetu mzee wa breki. Yule mzee hakuandika, alisema, nikaandika. Alirudia jambo moja kwa namna mia: matangi ya hewa yatolewe maji kila asubuhi, usingoje breki zikwambie. Mimi si fundi, ila hadi leo nikisikia hewa inatoka chini ya lori, psssh, namkumbuka.

Toleo la 26, Januari 2011, ndilo lililovunja rekodi. Mazembe, timu yetu ya hapa Lubumbashi, walikuwa wametoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi. Internacional ya Brazili 0, Mazembe 2, hiyo ni nusu fainali. Ya fainali tuliyofungwa na Inter ya Milano, 3-0 zile, niliiandika kwa herufi ndogo. Fundi wetu wa kuchomelea alichora kipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio, glovu juu, na nyuma yake akamchorea lori letu namba 12 likiruka vilevile. Nakala ya ukutani iliibwa siku ileile. Nikabandika nyingine, ikaibwa. Nikabandika ya tatu kwa gundi ya kuziba tairi. Wakaja na wembe. Nilikasirika. Leo ningelipa pesa mtu aniibie Karatasi.

Kuisha kwake sikukuona, kwa sababu hakukuwa na siku ya kuisha. 2015 mkoa wetu wa Katanga ukagawanywa mikoa minne, Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, na kazi nyingi za malori zikasogea huko. Mukubwa akafungua tawi, nusu ya mafundi wakahamia, pamoja na mchoraji wangu. Karatasi ikawa kila miezi miwili. Fundi mzee wa breki akastaafu akarudi kwao Kamina. Ikawa mara nne kwa mwaka, mara tatu, mara mbili. Machi 2020 gavana alipofunga mji saa arobaini na nane kwa sababu ya korona, kijana wa ofisini alifungua kundi la WhatsApp ili watu wajue nani aje kazini. Siku ile ya kwanza kundi lilifanya kwa saa moja kazi ambayo Karatasi ingeifanya kwa wiki mbili. Habari za vifo zikahamia huko, uzazi ukahamia huko, mshahara ukahamia huko. Redio trotwari nayo ilihamia huko, lakini hilo ni andiko la siku nyingine.

Mimi nilifanya nini? Niliomba makala. Ndiyo kosa langu. Nilitengeneza sanduku la mbao lenye kufuli, nikaandika "Tia Neno Lako". Kila mwisho wa mwezi nilifungua kwa ufunguo wangu. Nilikuta karatasi ya pipi, nikakuta ombi la avansi ya mshahara, nikakuta mara moja kipande cha muhogo wa kuchoma. Nikawa nawalaumu watu: hawaandiki, hawapendi kusoma, vijana wa siku hizi. Toleo la 94 niliandika peke yangu kuanzia kichwa hadi namba ya simu.

Baada ya kile kidole nilikaa deponi nikiwaza, na jibu nililikuta kwenye fishi zangu. Kila kipuri kina fishi, kadi yenye safu mbili: kilichoingia na kilichotoka. Mtunza depo mgeni husoma safu ya kuingia. Anaona rafu imejaa, anafurahi. Mzee aliyenifundisha kazi hii alinigonga kwa kalamu kwenye vidole: soma kilichotoka. Kipuri ambacho hakijatoka miaka mitatu kimekufa, hata kama kinang'aa ndani ya boksi lake. Nilikuwa nikihangaikia Karatasi kwa safu isiyo yake. Niliuliza nani anaandika. Swali lilikuwa nani anachukua, na dalili nilikuwa nayo ukutani kwangu: nakala ya mwisho kuibwa ilikuwa ya 2016. Miaka saba ukuta wangu ulikuwa salama.

Ila mzee yule alinifundisha jambo la pili pia. Tuna gia moja ya kreni ya zamani. Inatoka mara moja kwa miaka sita. Mhasibu kila mwaka anataka iuzwe kwa kilo, na kila mwaka namwonyesha kwamba kreni bado tunayo na kiwandani haitengenezwi tena. Hiyo haikufa. Inangoja. Kwa hiyo sikutaka kuitupa Karatasi yote kwa pamoja kama takataka ya fagio. Niliifungua kama injini. Matangazo ya vifo na uzazi: yana nyumba mpya, na huko yanafika haraka zaidi. Habari za kazi: ziko ofisini. Michezo: hakuna anayengoja mwisho wa mwezi kujua matokeo ya Mazembe. Namba za simu: hizo si kwamba zimekufa, zimeoza, na kitu kilichooza hakifai kukaa hata siku moja ukutani. Mashauri ya breki: yanahitajika leo kuliko jana, lakini malori yamebadilika, na lazima fundi wa sasa ayapitie. Majina na picha za walioajiriwa... hapo nilisimama. Sikujua nizipeleke wapi.

Nililipeleka suala kwenye kantini, saa ya bukari, ugali wetu, maana kikao cha ofisini kwetu huzaa kikao kingine. Mukubwa alisema tuiache tu, siku moja itaamka. Mhasibu alisema anahitaji ule ukuta kwa mabango ya usalama. Kijana wa tairi, bandeji kidoleni, aliuliza kwa heshima kabisa: "Papa Depo, ile kalatasi, njo ilikuwa inasemaka nini?" Alikuwa na miaka miwili kazini kwetu, akiipita kila siku. Mama wa kantini ndiye aliyenigusa. Alisema, akiwa anageuza sombe (kisamvu), "Ukiiacha vile, kila mutu ataona ni weye ulichoka. Ukiifunga, ataona ni kazi ilimalizika." Sikumjibu, mdomo ulikuwa umejaa, na pia alikuwa amesema kweli.

Nikatoa miezi miwili. Niliwaambia wote: anayetaka kuiendesha aje achukue ufunguo wa sanduku, na nitamfundisha mashine. Sikubembeleza mtu. Vijana wawili walikuja. Mmoja aliona ni kazi isiyo na posho akarudi kwenye spana zake, mwingine akaniambia anaweza kuiweka yote kwenye simu, nami nikamwambia kwenye simu tayari ipo, inaitwa kundi.

Katika miezi hiyo miwili mtu mmoja tu aliiulizia Karatasi, na hakuwa mfanyakazi.

Alikuwa mama mjane, alitoka Katuba kwa basi mbili. Mume wake alikuwa dereva kwetu, alikuwa ameacha kazi 2014, amefariki mwaka ule wa 2023 mwanzoni. Alitakiwa kupeleka karatasi za kazi CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile ambayo wengi bado tunaiita INSS. Ofisi ya wafanyakazi ilihama jengo mara mbili, na mafaili ya zamani yaliloa dari ilipovuja. Hawakumfukuza, lakini walimwambia "rudi wiki ijayo" mara tatu. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi mbele ya depo yangu kupumzika, akasema mume wake alikuwa na gazeti la kazi lenye picha yake, ila watoto walilichana.

Nilikuwa na fungu lote, toleo la 1 hadi la 94, kwenye boksi la filta za mafuta. Tulitafuta pamoja, yeye akilowesha kidole kwa mate. Tulimpata toleo la 31, Juni 2011: madereva watano wapya mbele ya lori, majina, tarehe ya kuanza, namba ya kazi ya kila mmoja. Karatasi si ushahidi mbele ya ofisi yoyote, nilimweleza hivyo. Lakini kwa namba ile kijana wa ofisini alifungua rejista kubwa ya mishahara, ambayo haikuloa, na jina lilikuwepo, mwezi baada ya mwezi. Mama akaomba jambo jingine: fotokopi ya picha. Nyumbani alikuwa na picha za pasipoti tu, na katika hizo mume wake hacheki. Pale mbele ya lori alikuwa anacheka, meno yote nje. Nadhani mchoraji wetu alikuwa amesema kitu cha kijinga nyuma ya kamera.

Nikajua pa kuzipeleka picha.

Wiki iliyofuata niliandika toleo la 95. Ukurasa mmoja, kama la kwanza. Lilisema Karatasi ilianza Desemba 2008 na inamalizika Septemba 2023. Habari za siku ziko kwenye kundi na ofisini. Matoleo yote 95 yako depo, rafu ya chini kushoto, na mfanyakazi au ndugu wa mfanyakazi anaweza kuja kutazama siku yoyote ya kazi. Nilitaja majina ya wote waliowahi kuandika au kuchora. Majina yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, na nilipoyahesabu ule uchungu wangu wa sanduku ulipungua.

Mukubwa alisoma, akataka niongeze maneno mawili tu: inamalizika "kwa sasa". Hapo tulibishana, kwa adabu, lakini tulibishana. Nilimwambia: mukubwa, hata kilio kina siku ya kukiondoa. Watu wanakaa, wanalia, wanalala kwenye mikeka, halafu siku inatajwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, na mjane anaruhusiwa kupika tena. "Kwa sasa" ni kuacha viti vya watu uani kwako miaka miwili. Alicheka. Akasaini bila yale maneno, kisha akaniuliza kama toleo hili litaibwa. Nikamwambia sijui.

Kazi ngumu ilikuwa kubandua. Mtu unadhani tangazo liko sehemu moja. Nilikuta Karatasi katika sehemu saba: ukutani kwangu, kantini, kibanda cha mlinzi, choo cha madereva, ndani ya mlango wa kabati la fundi aliyehamia Kolwezi, chini ya kioo cha meza ya mhasibu, na moja katika lori namba 12, imekunjwa ndogo kuzuia dirisha lisitikisike. Hiyo ya lori niliiacha; ina kazi. Kila iliyokuwa na namba ya simu niliitoa kwanza. Namba ya zahanati mpya haikuandikwa kwenye karatasi tena. Tuliipaka rangi ukutani, nyekundu, herufi za kiganja kizima, na chini yake tarehe. Mimi na mlinzi tunaipigia tarehe moja ya kila mwezi kuhakikisha anayepokea ni zahanati. Wauguzi wameshazoea. Wanasema, "Ni nyinyi tena? Haya, muko bazima."

Mashauri ya breki, fundi wa sasa aliyapitia kwa siku mbili, akafuta mengine, akabishana nami, nami nikabishana kwa niaba ya mzee aliyeko Kamina. La maji ya matangi lilibaki neno kwa neno. Limevalishwa plastiki na kutundikwa kwenye shimo la ukaguzi, na jina la aliyelithibitisha liko chini.

Fungu la matoleo nililifungulia fishi. Kipuri: Karatasi, 1–95. Safu ya kuingia imefungwa kwa mstari. Safu ya kutoka iko wazi, na tangu wakati ule ina mistari minne: mjane wa Katuba, niliyemwandika nyuma kwa haki, mtoto wa fundi mmoja aliyetaka picha ya harusi ya wazazi wake, mukubwa mwenyewe, akitafuta mwaka tulionunua kreni, na kijana wa tairi, aliyeazima toleo la 26 "kwa kusoma tu" na hajalirudisha. Namdai. Kila asubuhi namkumbusha, naye ananiambia kesho, papa.

Baada ya kubandua nilimpigia yule mama wa Likasi, kumwomba radhi na kumwambia kwamba hatapigiwa tena kwa habari za damu. Alinyamaza kidogo.

"Papa, miye samaki yangu inatoka ku ziwa Tshangalele, mubichi. Malori yenu haipitaka Likasi?"

Yanapita. Ijumaa dereva wa Kolwezi alishuka na beseni la kilo kumi na mbili, na mama wa kantini anasema wiki ijayo tuagize kilo ishirini.